Nina HKL, nataka kwenda kusoma Kirusi chuo. Ni akili au ni ujinga?

binti_Newala

Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Mi ni binti wa Newala ila saivi niko Mtwara mjini kwa mama mdogo huku Chuno, nimemaliza form six HKL, yani Historia, Kiswahili na Kingereza, nimepata division two. Kuna zile skolashipu za serikali ya Urusi na mi nataka kuomba nikasome lugha na utamaduni wa Kirusi, yani Kirusi chenyewe ndo kiwe digrii, sio udaktari wala uinjinia kama wengine wanavyoendaga. Nyumbani pamechafuka. Baba anasema kama ni lugha nisome ualimu hapahapa Stella Maris jioni nirudi nyumbani, mjomba ndo kabisa, anasema Kirusi utaongea na nani Newala, na mbuzi? Mama kanyamaza tu.

Maswali yangu naomba mnijibu bila kunicheka. Hiyo kozi ndani yake kuna nini hasa, mnasoma lugha tu miaka yote minne au? Mtu asiejua hata herufi moja anaanzaje? Ukirudi unafanya kazi gani? Na sisi ni Waislamu, baba anaogopa habari ya chakula na swala, na pia hii vita yao. Hela tuliyonayo ni ya korosho, na mnajua wenyewe hela ya korosho ilivyo.

korosho_daraja_la_kwanza

Mjomba wako kasema kweli tupu.

Mdogo wangu tuongee biashara. Gesi ya hapa Mnazi Bay anaechimba ni Maurel & Prom, Mfaransa. Ule mradi wa LNG, gesi ya kimiminika, wa Lindi tunaousubiri mpaka tunaota mvi ni Equinor wa Norway na Shell. Korosho wanunuzi ni Wahindi na Wavietnam. Mrusi yuko wapi hapo? Kama lugha inakuwasha kasome Kifaransa au Kichina, vyote vinafundishwa sekondari na vina mtihani wa NECTA, ukikosa kote utafundisha. Kirusi utarudi nacho ukiimbe bafuni.

mtu_wa_Shangani

Mkuu hao Maurel & Prom wenyewe mwenye hisa nyingi ni Pertamina ya Indonesia tangu 2017, kwa hesabu yako basi binti akasome Kiindonesia.

Na Mrusi kusini yupo. Panda gari Masasi, pita Tunduru, shuka Namtumbo. Urani ya Mto Mkuju ni ya kampuni ya Mantra, na Mantra iko chini ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio palepale. Mradi wa hivyo una mikataba, una mambo ya usalama kazini, una kijiji kinachotaka kuelezwa maji yake yatakuwaje, hayo yote yanataka mtu wa katikati.

korosho_daraja_la_kwanza

Mgodi mmoja unataka wakalimani wangapi mkuu? Watatu? Wanne? Na hao wanne watakuwa wameshapatikana Dar kabla huyu hajamaliza kujifunza kusema habari za asubuhi.

dada_wa_Kazan

Mdogo wangu karibu, achana na hao kwanza. Mi ni wa Lindi mjini, Mtanda, na hapa naandika niko Kazan nasoma hiyohiyo filolojia unayoitaka, yani lugha na fasihi, kwaiyo ntakujibu kwa mapana na utanisamehe nikirefusha.

Herufi zisikutishe. Ziko 33, na nyingine unazijua kwa sura ila zinakudanganya, P yao ni R yetu, H yao ni N, B yao ni V. Ukikaa nazo kidogo kila siku ndani ya wiki chache unasoma mabango. Maumivu yako mbele. Mwaka wa kwanza huingii chuo chenyewe, unaingia podfak, kitivo cha maandalizi. Mnakaa darasani wachache, Mchina, Mwarabu, Mturkmeni, Mwangola, na mwalimu anafundisha Kirusi kwa Kirusi, Kingereza chako cha HKL hakina kazi hapo. Mwisho wa mwaka kuna mtihani, unatakiwa ufike ngazi ya B1, yani lugha ya kiwango cha kati, ndo uende mwaka wa kwanza wa digrii. Hapo ndo wengi wanapoteleza na sio kwamba hawana akili, ni kwamba Wabongo tunajikusanya hosteli tunapika ugali tunaongea Kiswahili chetu, tukitoka hapo tunaongea Kingereza na Wanigeria, ikifika Juni mtu bado ananunua maziwa kwa kuonyesha kidole. Ukija chagua kabisa kukaa chumba na watu wasiojua lugha yako. Utalia mwanzoni ila utaongea.

Grama sasa. Nomino zina jinsi tatu na hali sita, maana yake neno linabadilika mkia kutegemea linafanya nini kwenye sentensi. Kitabu ni kniga, sina kitabu inakuwa knigi, naona kitabu knigu, na bado hujafika kwenye wingi. Ila sisi tuna nafuu moja. Mtu aliekulia Kingereza anashangaa kwa nini kivumishi kibadilike kulingana na nomino, we toka mtoto unasema kitabu kizuri, miti mizuri, watu wazuri, upatanisho hauna cha kukushangaza. Kinachotutesa sisi ni mkazo. Kiswahili mkazo umekaa silabi ya pili toka mwisho siku zote, Kirusi unarukaruka na kwenye maandishi ya kawaida hauonyeshwi, na ukikaza pasipo unasema kitu kingine kabisa. O isiyo na mkazo inasomwa kama A, maziwa yanaandikwa moloko yanatamkwa malako. Vitenzi vya mwendo ndo usiniulize. Kwenda kwa miguu kitenzi chake, kwenda kwa chombo kitenzi chake, afu kwenda upande mmoja na kwenda-ukarudi navyo viko mbalimbali, mi mpaka leo nikitaka kusema nilienda sokoni nasimama kwanza nafikiria.

Kozi yenyewe sio lugha tu. Kuna fonetiki, sarufi, historia ya Urusi, fasihi mpaka ya karne ya 20, na tafsiri. Ukiingia kundi moja na Warusi wenyewe utakutana na Kislavoni cha kale, lugha ya vitabu vya kanisa vya zamani, hiyo hata Warusi wanaipata sapu. Kipindi kimoja wanaita para, dakika 90. Alama ni mbili mpaka tano, tano ndo juu, mbili umefeli. Na kitu ambacho hakuna alieniambia kabla sijaja, mitihani mingi ni ya mdomo! Unaingia, unavuta kikaratasi mezani kinaitwa bilet, kina maswali kama mawili, unakaa pembeni unajiandaa kidogo afu unaenda mbele ya mwalimu unaeleza, na anakukatiza katikati anakuuliza kwa nini. Desa la kukariri halikuokoi hapo.

Walimu hawaitwi Profesa Fulani, wanaitwa jina lao na jina la baba, mfano Tatyana Petrovna, ndo heshima. Na kuna "wewe" ya heshima na "wewe" ya kuzoeana, ukimpa mwalimu ya kuzoeana darasa zima linageuka kukuangalia. Kwa mtoto wa Kimakonde aliefundishwa shikamoo hilo halisumbui.

Baba mwambie Kazan ni mji mkuu wa Tatarstan na Watatari wengi ni Waislamu. Ndani ya Kremlin ya hapa, ngome ya zamani, kuna msikiti mkubwa wa Kul Sharif, uliofunguliwa 2005, na kanisa liko jirani yake palepale. Nyama ya halali ipo madukani kawaida tu, na Idi hapa ni sikukuu ya mapumziko. Chuo chenyewe kilianzishwa 1804, Tolstoy yule mwandishi alisoma hapa akaacha, Lenin yule wa mapinduzi alifukuzwa 1887, kwaiyo ukipata sapu una wenzio. Miji mingine halali unaitafuta na kule St. Petersburg mwezi wa sita usiku haungii giza vizuri, swala ya isha na ya alfajiri zinasogeleana mpaka inabidi uulize msikitini.

Baridi sitaki kukudanganya. Kuanzia Novemba mpaka Machi ni barafu, zipo siku za nyuzi 20 chini ya sifuri, na Desemba saa kumi jioni tayari kiza. Hicho kiza kinachosha kuliko baridi yenyewe, makoti wanauza na ndani kuna joto.

binti_Newala

Dada asante sana yani nimesoma mara mbili. Sasa hiyo skolashipu inalipa nini na nini? Maana mtu wa hapa Mtwara alituambia ni bure kila kitu, tumpe hela ya fomu tu.

dada_wa_Kazan

Usimpe mtu hata mia. Maombi unajaza mwenyewe kwenye tovuti yao, education-in-russia.com, na kujaza ni bure. Ile kwota ya serikali inalipa ada ya chuo pamoja na podfak, unapata kitanda hosteli, na boom dogo, yani posho. Nasema dogo, halitoshi chakula cha mwezi. Nauli ya ndege juu yako, bima ya afya juu yako, koti na viatu juu yako. Unachagua vyuo mpaka sita kwa mpangilio unaoutaka, Moscow visizidi viwili na St. Petersburg visizidi viwili, usijaze yote miji mikubwa kama wanavyofanya wote, maisha ya Kazan, Voronezh au Tomsk ni nafuu zaidi. Na maombi yanafanyika mapema mno, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, mwenye kusubiri mpaka vyuo vya Bongo vimuache anakuta dirisha limeshafungwa.

Hela ya kutumiwa ndo kero kubwa ya sasa. Visa na Mastercard zilisimamisha huduma Urusi Machi 2022, kadi yako ya benki ya nyumbani huku ni plastiki tu. Watu wanakuja na dola mkononi za kuanzia miezi ya mwanzo, wakifika wanafungua akaunti wanapata kadi ya Mir, ya hukuhuku Urusi. Tangu 2020 mwanafunzi wa kozi yenyewe anaruhusiwa kufanya kazi bila kibali cha kazi, ila mwaka wa podfak usiuhesabie hela yoyote ya kazi.

mtu_wa_Shangani

Hapo kwenye dola mkononi nyumbani mjipange. Malipo ya mnada wa korosho yanakuja kuanzia Oktoba huko mpaka Desemba mnada ukienda vizuri, na huyu mtoto anatakiwa awe amefika Urusi Septemba au Oktoba. Kwaiyo nauli yake ni ya korosho za msimu wa nyuma, sio wa mwaka anaoondoka. Baba aelewe hilo mapema kabla hajaezeka nyumba kwa hela ya TANECU, chama cha ushirika.

La vita lisipitwe juu juu. Januari 2023 serikali yetu ilithibitisha kifo cha kijana Mtanzania aliekwenda kusoma Moscow, akafungwa jela kwa kosa la jinai, akiwa humo akakubali kwenda kupigana upande wa Urusi ndani ya kundi la mamluki la Wagner ili aachiwe, akafia Ukraine Oktoba 2022. Na ipo ile programu ya kazi ya Alabuga hukohuko Tatarstan, ilikuwa inawatafuta wasichana wa Afrika wa umri kama wako, inatangazwa kama ya hoteli na upishi na mafunzo, 2024 waandishi wa habari wakaeleza kwamba wasichana walikutwa wanaunganisha droni za vita. Skolashipu ya chuo ni kitu kingine kabisa na hivyo vyote. Lakini ndo ujue ukiwa kule mtu akikuletea karatasi ya Kirusi usiyoielewa hata awe mcheshi vipi hausaini.

dada_wa_Kazan

Naunga mkono kila neno hapo. Nyongeza, Facebook na Instagram zimefungiwa huku tangu 2022 na simu za WhatsApp zikaanza kubanwa 2025, mama asipokupata hewani asidhani umekufa. Pangeni kabisa njia nyingine kabla hujaondoka.

nungwi_boy_wa_Kilwa

Habari zenu. Mi ni mtu wa Kilwa Masoko ila maisha yangu Nungwi, Zenji. Sijasoma Kirusi chuo chochote na nakiongea kila siku na nakula nacho. Warusi wanajaa huku, wewe ukimwambia mtu priviet, kak dela, pomboo wako upande huu, tayari amelipia boti yeye na mkewe na watoto. Sasa miaka mitano mtu akafe na baridi kusoma kitu ambacho ufukweni unafundishwa bure na wateja? Njoo huku mdogo wangu utakipata Kirusi na utapata hela wakati huohuo.

korosho_daraja_la_kwanza

Hahaha huyu ndo kamaliza mjadala.

Mzee_Nachingwea

Marahaba kwa walionisalimu kule juu. Mjadala haujamalizwa bado, nipeni nafasi kidogo na mimi.

Mimi nilisoma Leningrad, ndiyo St. Petersburg ya leo, miaka ya themanini, uhandisi, katika zile nafasi za Kisovieti ambazo hata nauli ya ndege walilipa wao. Siku hizi si hivyo, dada yenu amewaeleza vizuri. Wapo wengi wa rika langu waliopita huko, madaktari, wahandisi, wengine Chuo cha Urafiki wa Mataifa pale Moscow, kile kilichoanzishwa 1960 kikapewa jina la Lumumba mwaka uliofuata baada ya kuuawa kwake. Jina hilo likaondolewa 1992, na mwaka 2023 wakalirudisha. Karibu sote tulijifunza Kirusi kama daftari la kuandikia somo jingine, tukirudi nyumbani tukalifunga. Waliokwenda kusoma Kirusi chenyewe walikuwa wachache mno, na ndiyo maana leo mtu akileta karatasi ya Kirusi pale mjini hakuna wa kumpelekea.

Kijana wa Nungwi sikudharau hata kidogo, unalisha familia. Lakini Kirusi cha boti kina mwisho wake. Mgeni wako akigongwa na pikipiki akapelekwa hospitali, daktari akataka kujua ana mzio wa dawa gani, au akakamatwa akafikishwa mahakamani, hapo "pomboo wako upande huu" haisaidii kitu. Nani ataapishwa kizimbani kuwa mkalimani? Mtu aliyesoma. Mkataba wa kurasa tisini wenye masharti ya bima na usuluhishi hausomwi kwa Kirusi cha ufukweni.

Sasa binti, nikuambie jambo ambalo sioni mtu amelisema hapa. Wote wanakupimia thamani ya Kirusi. Mimi naitazama ile K kwenye HKL yako. Warusi wenye kujua Kirusi wako milioni mia na zaidi, huwezi kuwashindia lugha yao. Mfasiri mzuri kwa kawaida hufasiri kuingia kwenye lugha aliyozaliwa nayo, na wewe uliyozaliwa nayo wanaihitaji. Kiswahili kinafundishwa Moscow, kwenye taasisi ya nchi za Asia na Afrika ya chuo kikuu cha pale, iliyoanzishwa 1956, na kinafundishwa St. Petersburg pia. Sisi vijana tulikuwa tunaisikiliza Radio Moscow ikitangaza kwa Kiswahili jioni, na wale watangazaji hawakuokotwa barabarani. Umoja wa Afrika umekifanya Kiswahili lugha yake ya kazi mwaka 2022. Basi anayejua Kirusi tu yuko mmoja kati ya wengi, anayejua Kiswahili tu vilevile, ila anayeweza kukaa katikati akaandika Kiswahili sanifu kisicho na harufu ya Kirusi, huyo unamhesabu kwa vidole. Kwa hiyo usiende kuacha Kiswahili chako hapo Mikindani. Beba kamusi, soma magazeti ya nyumbani kila wiki, andika. Nimewaona vijana wanarudi na digrii za nje na hawawezi tena kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, huyo kwa kazi ya tafsiri hafai hata kidogo.

Ukipata nafasi ya kuchagua mchepuo, chagua tafsiri na ukalimani, usichukue filolojia ya jumla tu.

Na utamaduni, mjukuu wangu, usifikiri ni supu ya borshi na wale wanasesere wa mbao wanaoingia mmoja ndani ya mwingine. Ni kusoma. Watakukaririsha Pushkin, mshairi wao mkuu, kila Mrusi anamjua kwa moyo toka shule, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 6 Juni, ndiyo siku ya lugha ya Kirusi Umoja wa Mataifa. Pushkin huyo, aliyezaliwa 1799, babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, Abram Gannibal, aliyechukuliwa mtoto akapitishwa Istanbul mpaka kwa Tsar, yaani mfalme wao, Peter wa Kwanza. Tsar akawa baba yake wa ubatizo, akasomeshwa uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akafia jenerali na mwenye mashamba. Wataalamu bado wanabishania alikozaliwa, wengine Eritrea, wengine Kamerun. Pushkin hakuificha nasaba hiyo, alianza hata riwaya juu ya huyo babu ila hakuimaliza. Sisi Waafrika tukitajiwa hilo darasani tulikuwa tunakaa wima kidogo. Anza na hadithi fupi za Chekhov, sentensi zake ni fupi na hana makeke. Dostoevsky mwache mpaka mwaka wa tatu, mtu mmoja ana majina matatu na wote wana homa.

nungwi_boy_wa_Kilwa

Mzee shikamoo. Hapo kwenye hospitali umenigusa, ishanitokea kuitwa kwenye kituo cha afya nikabaki natoa macho. Nimenyoosha mikono ila hela ya boti naendelea nayo.

korosho_daraja_la_kwanza

Mzee shikamoo, umeongea kitu. Bado sijashawishika kwamba ajira ipo, ualimu wa serikali hapati kwa Kirusi maana hakipo kwenye mitaala ya sekondari, na kazi za tafsiri ni za kujitafutia mwenyewe sio za kusubiri tangazo. Mtu wa aina hiyo awe mpambanaji. Binti we ni mpambanaji au unasubiri kuajiriwa? Jijibu mwenyewe usinijibu mimi.

binti_Newala

Nauza vitenge na mama mdogo toka nimalize shule, nadhani nimejibu. Babu marahaba… yani shikamoo babu, asante sana, hiyo ya Kiswahili sikuwahi kuifikiria nimemsomea baba kwa simu akasema "huyo mzee umpe heshima zangu", bado hajasema ndio lakini kaacha kugomba. Ameuliza je hiyo digrii ikirudi hapa inatambulika? Na je, kuna siku ntatakiwa kwenda Dar, lini na kwa nini, maana nauli ya basi nayo ni hesabu.

mtu_wa_Shangani

Kabla hujajaza hivyo vyuo sita hakikisha na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwamba kila kimoja kinatambulika, na ukipata nafasi ndo hukohuko TCU unaomba barua ya kutokuwa na pingamizi kabla hujaondoka. Ukirudi digrii inapelekwa tena TCU kutathminiwa. Vyeti vyote vya chuo, matokeo, silabasi, usitupe kitu. Kwenye usaili unaitwa Dar, pale kwenye kituo cha utamaduni cha Urusi, palepale pia wanafundisha Kirusi cha kuanzia, kama una ndugu Mbagala wa kukaa kwake miezi michache kabla ya safari usiache hiyo nafasi. Na ukiitwa usisafiri siku moja kabla, masika ile barabara ya Somanga unaijua, Mei 2024 ilikatika kabisa tukawa kisiwani.

dada_wa_Kazan

Vipimo vya afya pamoja na cha VVU vinahitajika kwa viza, fanya karibu na safari maana cheti kina muda wake, hospitali ya Ligula wanafanya ila uliza kwanza ubalozi wanataka fomu ya namna gani.

Na kitu kimoja kinachowatesa watu wengi huku ni jina. Vyeti vyote na pasipoti vinatafsiriwa kwa Kirusi na jina lako linaandikwa kwa herufi zao, sasa wao hawana W wala H kama zetu. Mwanahawa mfasiri mmoja anaandika kwa V, mwingine kwa U, H mmoja anaweka Х mwingine Г, unajikuta una cheti cha form four cha mtu mmoja na pasipoti ya mtu mwingine, na chuo kinakurudisha. Kwanza hakikisha jina la cheti cha kuzaliwa, form four, form six na pasipoti ni herufi kwa herufi, nyumbani tunapendaga kuandika Saidi huku na Said kule. Kama hayafanani rekebisha saivi RITA kabla ya pasipoti. Afu tafsiri zote zifanywe na mtu mmoja, mwambie akupe jina lako la Kirusi kwenye karatasi, ulipige picha, na popote utakapoandikishwa unawaonyesha hiyo. Nitumie majina yako matatu faragha nikuandikie yanavyokaa.

binti_Newala

Lo, cheti cha kuzaliwa nina jina moja la babu na cha shule lingine. Nakutumia faragha dada, na kesho asubuhi naanza na RITA.